Jina Asilolitamka Mama

Gehandu, Hanang
2 Februari 2025

Kwa binti yangu Restituta,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini ukifungua barua hii utasema shikamoo, basi nimeshaitikia. Mama yako mdogo Eva ndiye anayeniandikia, huku anacheka. Nimemwambia aache, karatasi inatikisika.

Sisi ni wazima. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na tumempa maziwa yote ya siku nne. Baridi ya huko Mbulu naijua, vaa sweta hata kama wenzako hawavai.

Jana nilikwenda zahanati kwa ajili ya goti. Wakauliza tena jina la baba wa marehemu baba yako. Wewe unajua mke wa Kidatoga halitaji jina la baba mkwe mpaka anakufa, na mimi sijalitaja tangu nilipoolewa. Eva akalisema kwa niaba yangu, kama kawaida, yeye mwiko huo haumfungi. Nesi mgeni akacheka: "Mama huyu hajui ameolewa kwa nani?" Eva akamwambia: "Analijua kuliko wewe, ndiyo maana halichezei." Sasa anacheka tena, anaona raha kuandika maneno yake mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye simu yangu kumeingia ujumbe, halafu mwingine. Eva amenisomea. Unasema nina namba ya mlipa kodi na sijapeleka hesabu za biashara yangu. Biashara gani? Mbuzi nawauza mnadani, ushuru nalipa palepale. Eva anasema tusimpigie mtu na tusitume kitu, twende wenyewe ofisi ya kodi pale Katesh tukaulize ana kwa ana.

Nakuuliza wewe kwanza. Mwaka jana, mnada wa mwezi wa sita, yule kijana mwenye meza na mashine ya vidole. Niliweka kidole akasema mashine haisomi, nikaenda kuangalia mbuzi nikakuachia kitambulisho na simu. Uliporudi ulisema foleni ilikuwa ndefu, hukuandikisha kitu. Ni hivyo?

Mama yako,
Udagwenga

Mimi Eva naongeza: goti la mama yako si baya, anapenda tu kuhurumiwa. Soma, mtoto.


Mbulu
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe mama mdogo Eva.

Nimefurahi kusikia habari za ndama. Huku tunaendelea na masomo. Wiki hii nilikuwa na zamu ya kuchota maji, na mwalimu wa Kiingereza alisoma insha yangu mbele ya darasa. Hakunitaja jina, kwa sababu nilimwomba asinitaje.

Kuhusu ujumbe, mwalimu wa uraia alituambia matapeli wengi siku hizi wanajifanya watu wa kodi. Wanatuma ujumbe wa kutisha ili utume hela au ubonyeze kitu. Kwa hiyo mama, labda ni hao. Usijibu. Ufute tu. Sidhani kama kuna haja ya kwenda Katesh na goti hilo.

Kuhusu siku ile, nilikuambia, foleni ilikuwa ndefu.

Binti yako,
Restituta


Gehandu, Hanang
23 Februari 2025

YAH: TAARIFA KUTOKA KWA MAMA YAKO MZAZI

Mwandishi wa barua hii ni mimi Mzee Onesphory, karani mstaafu wa kata, kwa kuwa mwandishi wa awali hatumiki tena. Maneno yanayofuata ni ya mama yako kama alivyoyatamka.

Mwanangu, ujumbe ule haukuwa wa matapeli. Nimekwenda Katesh. Ofisi ya kodi wamefungua kompyuta wakanikuta humo. Nina duka la vifaa vya ujenzi Singida. Mimi! Nauza saruji na mabati, na lina kodi ambayo hata nikiuza zizi zima haitoshi. Nikamwambia yule mama wa ofisini, Singida sijawahi kukanyaga. Akasema mwizi anaweza kufungua namba kwa kitambulisho cha mtu mwingine, wameshaona mengi ya namna hiyo, lakini lazima nieleze nani aliyekuwa na taarifa zangu.

Halafu akasoma fomu kwa sauti. Jina langu, la baba yangu, la marehemu mume wangu. Akafika jina la baba wa mume wangu, akalisoma mpaka mwisho. Niliinamisha kichwa nikaziba masikio.

Nimerudi nyumbani nikiwaza kitu kimoja. Kwenye kitambulisho changu jina hilo halipo, kuna la baba yangu mimi. Kwenye simu halipo. Kinywani mwangu halijatoka miaka kumi na minane. Nani amewapa? Nani huwa analisema kwa niaba yangu zahanati, benki, kila mahali? Nani ana mashine ya kutoa kopi, na mwaka juzi alitoa kopi ya kitambulisho changu? Nani anasoma simu yangu?

Nilimpa mdomo wangu, akaenda kuuuza.

Nimemwambia asikanyage boma langu. Amelia, amesema hajui kitu. Mwizi gani anasema anajua? Tarehe kumi na saba mwezi wa tatu, Jumatatu, narudi Katesh kuweka kidole kwenye maelezo, na jina lake litakuwa humo. Baada ya hapo ni polisi.

Mama yako,
Udagwenga

Imeandikwa na kusomwa tena mbele yake akaridhia.
O. (Karani Mstaafu)


Mbulu
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mzee Onesphory, shikamoo. Mzee, ninaomba sana umsomee mama barua hii mkiwa wawili tu.

Mama, ninaomba usubiri. Usiweke kidole tarehe kumi na saba. Subiri nifunge shule, nitakuja kukueleza kwa mdomo. Mama mdogo Eva alininunulia daftari nilipoingia kidato cha kwanza. Alikaa na wewe siku arobaini baba alipofariki. Nafikiri si yeye.

Siwezi kusema zaidi kwa sababu

Mama, subiri tu.

Restituta


Gehandu, Hanang
7 Machi 2025

YAH: JIBU

Barua yako imepokelewa tarehe 5. Ombi la kuisoma faragha halikuweza kukubalika, kwa kuwa ilifika wakati wa kikao cha akina mama wa kikundi, na mlalamikaji ana haki ya kuwa na mashahidi. Ilisomwa mbele ya wanakikundi saba. Mimi nimeona sentensi moja haikukamilika. Sarufi izingatiwe.

Maneno ya mama yako ni haya:

Mwanangu, moyo wako ni laini, umeutoa kwa baba yako. "Nafikiri si yeye" si ushahidi. Sisubiri. Shule mnafunga mwezi wa nne, na ofisi imenipa tarehe.

Watu hawaendi tena kwenye steshenari ya Eva. Mama Basili alikuwa amempelekea vyeti vya watoto atoe kopi, ameenda kuvichukua vikiwa kwenye mashine. Kibao chake cha mlangoni kimeondolewa, sijui na nani, na mimi sijamtuma mtu.

Usiniandikie tena habari zake.

Mama yako,
Udagwenga


Mbulu
9 Machi 2025

Mama mdogo Eva,

Shikamoo. Nimempa barua hii mtu anayekuja Katesh kwa matibabu, anamfahamu dada yako wa huko Katesh. Nimemwambia aiweke mkononi mwako wewe mwenyewe. Nimeandika nakala tano nikachana nne.

Ni mimi.

Nimeanza hivyo ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Sasa nitaeleza.

Siku ile ya mnada nilikuwa nimefunga shule, kidato cha pili. Yule kijana alikuwa na meza ya plastiki karibu na wauza chumvi. Alisema kuna fedha za kuwasaidia wanawake wafugaji, na ili upate lazima uwe na namba ya mlipa kodi, na yeye anaandikisha bure. Foleni haikuwa ndefu. Tulikuwa watu sita.

Mama akaweka kidole. Kijana akasema mashine haisomi, aweke tena. Akaweka. Haisomi. Mara nne, mama mdogo. Wanaume waliokuwa nyuma wakaanza: "Mama, kidole kimeliwa na mbuzi?" Mwingine akasema, "Kakamua mpaka alama zimeisha!" Mama aliona aibu, akasema basi, anaenda kuangalia mbuzi. Akanipa kitambulisho na simu, akaniambia nimalizie kama inawezekana, isipowezekana tuondoke.

Yule kijana akaniuliza nasoma wapi. Akaniuliza kwa Kiingereza. Unanijua mimi, mama mdogo. Darasani sinyooshi mkono hata kama jibu ninalo. Nyumbani Kidatoga, sokoni Kiswahili, shuleni Kiingereza, na kote natafuta pa kujificha. Sijui siku ile ilikuwaje. Nilimjibu. Akauliza kingine, nikajibu. Akasema Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha watu wa ofisini kwao. Wale wanaume waliokuwa wanamcheka mama wakanyamaza. Nilitaka waendelee kunyamaza vile vile.

Akapiga picha kitambulisho cha mama, mbele na nyuma, kwa simu yake. Akaniuliza maswali akiandika. Akauliza jina la mume wa mama na la baba wa mume. Nikalisema. Kwangu mimi ni jina la babu tu. Shuleni naitwa kwa jina hilo kila asubuhi wakati wa kuhesabiwa, na nikifika nyumbani naliacha nje ya boma kama viatu vyenye tope. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu.

Halafu kwenye simu ya mama ukaingia ujumbe wenye namba. Akaniomba nimsomee ile namba. Mama mdogo, sikudanganywa kwa kutokujua. Chini ya ile namba kulikuwa na maneno, nayakumbuka mpaka leo: usimpe mtu yeyote namba hii. Niliyasoma kwa Kiswahili, na namba nikampa kwa Kiingereza.

Akaniambia nifute ujumbe ili simu isijae. Nikafuta. Akanipa kalamu. Nilipomkuta mama kwa mbuzi, akauliza imekuwaje, nikasema foleni ni ndefu, nimeacha. Sijui kwa nini. Nilikuwa tayari nimeanza kumshuku. Nikajiambia kama ni kweli, fedha zitakuja na mama atashangaa kwa furaha, na kama si kweli hakitatokea kitu. Nimejiambia hivyo miezi minane.

Ulipomwambia mama aende Katesh, mimi ndiye niliyeandika asiende. Yale ya mwalimu wa uraia ni kweli aliyasema, lakini nilimficha mama nyuma ya maneno ya kweli ili asinione. Ningekuwa nimesema siku ile ile ya mnada, labda duka hilo lisingefunguliwa.

Nilitaka kumwambia mama. Lakini kila nikishika kalamu namwona Mzee Onesphory amevaa miwani, anasoma mbele ya akina mama saba. Mama hawezi kusoma. Kila ninachomwambia lazima kipite kwenye mdomo wa mtu. Nikawaza, mdomo gani? Nikaona umebaki mmoja tu, nao ndio niliouharibu mimi.

Nakuomba kitu ambacho sina haki ya kukuomba. Msomee mama barua hii kabla ya Jumatatu tarehe kumi na saba. Yote. Usiruke pale nilipomdanganya. Ukishindwa kuingia bomani, mpe mtu yeyote, hata Mzee Onesphory, asome hata mnadani.

Ndani ya bahasha kuna ile kalamu. Ubavuni ina namba ya simu. Barua zote nilizomwandikia mama tangu mwezi wa pili niliziandika kwa kalamu hiyo. Hii nimeandika kwa penseli. Pelekeni kalamu ofisini. Na uso wa yule kijana naukumbuka, nitausema mbele ya mtu yeyote watakayetaka nimwambie. Nitasema hata wakiwa wengi.

Nisamehe au usinisamehe, lakini soma.

Restituta


Gehandu, Hanang
14 Machi 2025

Restituta,

Nimepokea. Nimeisoma mara mbili peke yangu, steshenari kulikuwa kimya, hakuna mteja wa kunikatiza.

Sitakuambia sina hasira. Kibao changu nilichonunua kwa kuuza kuku, nimekiokota kwenye mtaro. Mama Basili alinipita njiani bila kunisalimia, mimi niliyemfundisha mwanawe kuandika jina lake. Wakati huo ulikuwa unajua.

Kesho naenda kwa mama yako. Sijui kama atanifungulia.

Eva


Gehandu, Hanang
23 Machi 2025

Mwanangu Restituta,

Marahaba.

Utaona mwandiko. Nimemwambia Eva aandike kila neno ninalosema, hata asilolipenda, na yeye ameniambia nisiposema vizuri ataandika hivyo hivyo.

Jumamosi ile alikuja akasimama nje ya uzio wa miiba. Nikamwambia aondoke. Akasema, "Siingii. Nimeleta maneno ya mtoto wako, nikishamaliza naondoka." Nikasema mtoto wangu anaandika kwa Mzee Onesphory. Akasema, "Haya hayapiti kwa Mzee Onesphory." Akasoma palepale, amesimama juani, mimi nipo ndani na kibuyu mkononi. Alisoma kama anavyosoma dawa, polepole. Alipofika pale uliposema jina, hakulisoma kwa sababu hukuliandika. Nakushukuru kwa hilo moja.

Alipomaliza akakunja karatasi akageuka. Nikamwita. Hakugeuka. Nilifungua uzio mwenyewe nikamfuata mpaka kwenye njia ya kisima, na goti hili. Yaliyosemwa pale ni yangu na yake, hayaandikwi.

Jumatatu tulikwenda Katesh wawili. Nilitoa maelezo mapya. Yule mama wa ofisini akasoma barua yako, akachukua ile kalamu akanakili namba iliyoko ubavuni. Akasema namba ya mlipa kodi iliyo na jina langu imesimamishwa wakati wanachunguza, na deni halijafutwa, litangoja uchunguzi. Inaweza kuchukua miezi. Tukapitia polisi tukapewa karatasi ya taarifa. Ukifunga shule utakwenda kusema kuhusu huyo kijana. Umesema utasema hata wakiwa wengi, nimelisikia.

Halafu Eva akabonyeza kwenye simu yangu nyota, mia moja na sita, reli, akaweka namba ya kitambulisho changu. Kukatokea laini tano za simu zilizosajiliwa kwa jina langu. Ya kwangu ni moja. Nyingine nne. Nilikumbuka "haisomi, weka tena." Mashine ilikuwa inasoma, mwanangu. Ilisoma kila mara. Laini hizo tumekwenda kuzifungisha.

Sasa nikuambie lililonikuta pale ofisini. Ili kuandika maelezo mapya wakaniuliza tena jina la baba wa mume wangu. Nimezoea kumwangalia Eva. Safari hii sikumwangalia. Nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya kijiji kwa sababu ya jina hilo, ningemwomba vipi alibebe tena? Nikatazama meza. Yule mama akauliza mara ya pili. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona.

Eva akalisema. Hakulisema kwa sauti kubwa. Alilisema kama zamani.

Nimewaambia ukweli Mama Basili na wanakikundi wote saba, na Mzee Onesphory nimemfanya asimame asikilize. Kibao tumekirudisha mimi na Eva. Wateja wanarudi mmoja mmoja, wengine bado. Hilo siwezi kulifungisha kama laini.

Wewe sijakupiga kwa sababu uko mbali, na ukifika hasira itakuwa imepungua kidogo. Kidogo. Ulifanya kosa kwa yule kijana, na hilo nalielewa, hata mimi nilimpa kidole mara nne. La kuniacha nimhukumu Eva ndilo linalonikosesha usingizi.

Ukifunga shule, usije kwangu kwanza. Shuka kwenye basi uende steshenari, umwamkie Eva, ukae mpaka akuruhusu kuondoka. Ndama atakungoja.

Mama yako,
Udagwenga

Mimi Eva naongeza: nimeandika kila neno. Mama yako ameniuliza mbona leo karatasi haitikisiki. Nimemwambia itatikisika, asiniharakishe.